Nilibandua Plasta Kwenye Jicho la Kompyuta

Kosa ni langu. Nalisema mwanzo kabisa ili wewe unayesoma usijisumbue kunitafutia udhuru huko mbele. Aliyenisaliti yupo, na habari zake utazisikia, lakini mkono uliomfungulia mlango ni huu huu ninaoandikia.

Mimi ni msichana wa Mji Mkongwe, Unguja. Nimesoma skuli ya msingi tu na naandika polepole. Kusema mbele za watu siwezi. Nikiitwa mbele ya wageni huitika "naam", kisha sauti hunikauka hapo hapo. Ndiyo maana haya nayaandika. Majina nimeyabadilisha yote.

Nimelelewa na shangazi yangu tangu mama alipofariki. Nitamwita Shangazi, kama ninavyomwita nyumbani. Binti yake ni Raya, ambaye kwangu ni dada hasa, tumelala kitanda kimoja tangu utotoni.

Shangazi aliugua. Maradhi yenyewe sitayataja, lakini dawa zake zilimpukutisha nywele zote, mpaka nyusi. Mwanamke aliyekuwa na nywele za kufika kiunoni! Tangu hapo akawa haonekani bila mtandio. Hata yumo ndani kwake, akisikia hodi tu, mkono kichwani. Waliokiona kichwa chake ni Raya na mimi, basi. Kila baada ya Magharibi nilimpaka mafuta ya habasoda, taratibu, naye akifumba macho na kusema, "Mkono wako mwepesi, mwanangu. Allah akuhifadhie."

Raya alipoposwa na kijana wa Bububu, Shangazi alikuwa na ombi moja tu.

Kwetu wanawake hawendi msikitini kuangalia nikaha. Wanaume huozeshana huko, sisi tunangoja nyumbani, mpaka mtu apige simu au mtoto aje mbio akipiga kelele, "Tayari! Keshaozwa!" Ndipo vigelegele vinapopigwa. Shangazi akasema, "Mie sijui kama ntaishi nimuone mjukuu. Basi nataka nione kwa macho yangu haya mwanangu anavyoozwa. Kwenye simu sioni kitu. Nataka kwenye tivii."

Nikasema, "Inawezekana, Shangazi."

Raya akageuka akanitazama. "Ala! Na wewe leo umesema?"

Niliyajua mambo hayo kwa sababu ya Nasri. Nasri ana duka la simu Darajani, anauza chaji, makava na waya za kila namna. Nilikwenda kununua chaji, akaniuliza jina nikashindwa kulitaja, akacheka, akaniandikia namba yake juu ya boksi. Jamani! Kwenye kuandikiana mimi si yule mwenye haya. Huko maneno yananijia. Tukaandikiana miezi. Alinambia nina macho mazuri. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia jambo kama hilo, kwa sababu mimi macho yangu yako chini siku zote. Alinambia harusi ya Raya ikishapita, atamtuma mjomba wake aje kuposa.

Nyumbani hakuna aliyejua. Hata Raya sikumwambia.

Nasri kwao ni Bububu, mtaa mmoja na bwana harusi. Akasema kazi ndogo hiyo. Akaniazima laptopu ya dukani na waya mrefu wa HDMI, akanifundisha pale pale kwenye meza yake. Kichwa kimoja unachomeka ubavuni mwa laptopu, kichwa chengine nyuma ya televisheni. Kisha unachukua rimoti unachagua tundu ulilochomeka, na kilichomo kwenye laptopu chote kinatoka kwenye televisheni, kikubwa. Yeye atakuwa msikitini na simu yake, apige simu ya video, mimi niipokee kwenye laptopu. Kina mama watamwona sheikh, watamwona bwana harusi, kama wamekaa naye mkeka mmoja.

Nilifanya majaribio nyumbani siku moja kabla ya harusi. Shangazi akakaa kwenye kochi, akaangalia, akafurahi. Halafu akauliza swali ambalo mimi sikulifikiria.

"Na wao je? Hawatuoni sie?"

Nikamuonesha jicho la kamera juu ya kioo cha laptopu, dogo kama punje ya mtama. Nikamwambia linazimwa kwa kitufe.

"Kitufe sikiamini," akasema. "Kitufe kinaweza kuwaka chenyewe. Lete plasta."

Nikaleta plasta ya kidonda. Akaikata kwa mkasi, akaibandika juu ya lile jicho, akaikandamiza kwa dole gumba. "Hii naiona. Na wewe ndiye mlinzi wake."

Mlinzi! Neno hilo bado linanichoma.

Siku ya harusi, baada ya Alasiri, ukumbi wa juu ulijaa wanawake mpaka kwenye ngazi. Udi unafuka, vikuba vya asumini vimewajaa vifuani. Mlangoni alikaa jirani yetu Bi Khola, ana kapu la ukindu mapajani, na hakuna aliyepita.

"Simu kapuni! Hata wewe mke wa sheha, simu kapuni! Humu tunavua mitandio, tunacheza. Sitaki kesho nijione barazani kwa wanaume."

"Bi Khola, na mume wangu akinipigia?"

"N'tampokea mie. N'tamwambia umeshaolewa tena, asihangaike."

Watu wakacheka. Nilipofika mimi, Shangazi akasema mwacheni huyo na simu yake, ndiye fundi wetu. Bi Khola akanitazama juu mpaka chini. "Huyu hata apewe simu kumi, ulimi wake una kufuli. Pita, mwanangu."

Nilikaa pembeni mwa televisheni, juu ya mkeka, laptopu iko kwenye kistuli, imenielekea mimi na ukuta. Mwanzo televisheni ikawa bluu tupu.

"Fundi! Tumekuja kuangalia bahari?"

Nikaminya rimoti, nikachagua tundu, na picha ikatoka. Msikiti, kanzu nyeupe, kofia za viua. Ukumbi ukanyamaza.

Nasri akaniandikia kwenye simu yangu. Yeye ana simu mbili, moja ya kuonesha, moja ya kuandikia. "Hicho kidirisha cheusi cha pembeni kinamziba bwana harusi. Kifiche." Ni kile kidirisha kidogo kinachoonesha picha ya upande wetu, na kilikuwa cheusi kwa sababu ya plasta tu, kamera yenyewe sikuizima. Kweli kilikuwa kimemziba bega. Nikakificha. Nilimuona mtu makini.

Sheikh akasoma hotuba. Bwana harusi akashikwa mkono, akatakiwa kukubali, akakubali. Raya alikuwa chumbani, kafunikwa kanga, mlango uko wazi ili aone. Nilimsikia akilia. Halafu vigelegele! Nyumba nzima ilitikisika. Shangazi alikuwa amesimama mbele ya televisheni, mikono kifuani, anarudia neno moja tu, "Nimeona. Nimeona."

Ingetosha hapo. Ningekata simu ile, leo ningekuwa naandika jambo jengine, au siandiki kitu.

Nasri akaandika, "Usikate. Waache waone watu wanavyokula halua." Kina mama wakafurahi kweli. "Mtazameni yule mzee, halua inaingia mfukoni!" "Kampelekea mkewe!" "Mkewe yupi? Huyo hata mkewe mkubwa haijui halua!" Ngoma ikaanza. Mabuibui yakavuliwa, mitandio ikaanguka, wanawake wakajipanga kucheza katikati ya ukumbi.

Hapo ndipo aliponiandikia.

"Nataka kukuona na hiyo nguo ya kijani. Kidogo tu. Bandua hiyo plasta." Habari ya plasta, na jinsi nitakavyoiweka kompyuta, nilikuwa nimemwandikia mwenyewe usiku wa kuamkia harusi.

Nikamjibu, "Siwezi. Kuna watu."

"Kompyuta si imeelekea kwako na ukutani? Nani mwengine nitamuona? Au hunipendi?"

Nilikuwa nimevaa nguo ya kijani niliyoishona kwa ajili ya siku ile, na tangu asubuhi hakuna aliyeniambia umependeza. Si kwa ubaya. Mimi ni mtu wa kupitwa tu, kama kiti. Nikatazama huku na huku. Nikabandua plasta.

Nikaona haya, nikaitabasamia kompyuta kama mwehu.

Akaandika, "Giza. Dirisha liko nyuma yako, sikuoni uso. Geuza kompyuta kwenye taa, halafu nenda usimame pale kwenye taa."

Na mimi nikageuza! Nikakizungusha kistuli, laptopu ikauelekea ukumbi. Nilisema moyoni nitapita tu chini ya taa, mara moja, halafu nirudi nibandike plasta yangu. Lakini nilipogeuza, waya ulivutika. Televisheni ikarudi bluu.

"Fundi, wee! Mzee wetu wa halua kapotea!"

Nikaingia mbio nyuma ya televisheni. Kichwa cha waya kilikuwa kimelegea kwenye tundu lake. Nikikishika, picha inarudi. Nikikiachia, inakwenda. Nikabaki nimebanwa baina ya televisheni na ukuta, mkono mmoja kwenye waya.

Simu ikatikisika katika mkono wangu wa pili.

"Nakuona. Mashallah, umependeza. Usiguse tena kitu."

Nataka usome hapa polepole, kama ninavyoandika.

Nilikuwa nyuma ya televisheni. Laptopu ilikuwa mbele, imenipa mgongo. Hawezi kuniona. Nilijua, wallahi nilijua! Mtoto mdogo angejua. Na bado niliusoma ujumbe ule mara ya pili, na mara ya tatu, nikatabasamu. Nikajitungia sababu: labda kwenye kioo cha kabati, labda aliniona nikipita. Nilitaka sana liwe kweli.

Kosa langu hasa ndilo hilo. Plasta niliibandua kwa ujinga. Hapa nilikuwa nimeshajua.

Wakati huo huo nikamsikia Shangazi. "Nani namuogopa mie? Sote wanawake humu!" Nikachungulia pembeni ya televisheni. Amesimama katikati, machozi yanamtoka na anacheka. Akauvua mtandio wake, akautupa juu.

Ukumbi ukapoa. Wengi hawakuwa wakijua. Kile kichwa kiling'ara chini ya taa, na nyuso zote zilikuwa zimekikodolea.

Bi Khola ndiye aliyeokoa. "Mashallah! Kichwa kama yai la bata! Njoo nikibusu!" Akamshika kichwa kwa mikono miwili, akambusu utosini. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka nikadhani madirisha yatavunjika. Wakamzunguka, kila mmoja anambusu kichwa, naye anacheza katikati yao, mikono juu. Sijapata kumuona vile tangu augue.

Na laptopu inaangalia.

Ningeweza kutoka. Hatua chache tu! Ningeweza kuifunga ile laptopu, hata kuiangusha. Lakini picha ingekatika, wote wangegeuka kunitazama, wangeniuliza, "Una nini?" Na ningejibu nini mbele ya ukumbi mzima? Nikaona haya. Haya ile ile ninayosifiwa kwayo mtaani, "binti yule ana haya, hana makuu." Nikabaki nimeshika waya.

Baada ya siku chache Bi Khola alikuja kwetu, uso umemsawijika. Akatoa simu ndani ya buibui lake. "Kaletewa mwanangu wa kiume, na yeye kaletewa na wenziwe. Mie sitaki kuwa mbeya, lakini mjue."

Ilikuwa ni video. Shangazi anacheza, kichwa wazi. Sauti ya Bi Khola inasikika, "yai la bata", halafu mtu ameirudia, yai la bata, yai la bata, akaitilia ngoma na vicheko. Chini ya picha niliona ukingo wa meza yetu iliyokuwa mbele ya kistuli, na mrashi wa marashi niliouweka kwa mkono wangu.

Niliitafuta nguo yangu ya kijani. Unajua, hata wakati ule niliitafuta! Haimo. Hata kivuli changu hakimo.

Shangazi aliangalia mpaka mwisho. Akaenda chumbani akafunga mlango. Raya kutoka Bububu akapiga simu, analia, mawifi zake nao wameshaiona. "Mama yangu kafanywa kichekesho siku ya harusi yangu! Nani kafanya hivi?"

Mimi nikaenda Darajani.

Nasri alikuwa na mteja. Akanifanya ningoje. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Nilimpelekea rafiki yangu mmoja tu. Yeye ndiye msambazaji."

Sauti ikanitoka, sijui ilitoka wapi. "Ulisema unataka kuniona mimi."

"Sasa?"

"Nilikuwa nyuma ya tivii, Nasri. Uliniandikia unaniona."

Akatazama pembeni. Akaokota kava la simu, akalifuta vumbi. Halafu akasema, "Plasta nani kabandua? Mie nilikuwa msikitini. Nenda kawaambie, tuone watamlaumu nani."

Na hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alinijua. Alijua kuwa sisemi. Nikafahamu pale pale, kwenye harufu ile ya makava mapya, kwamba hayakuwa macho yangu yaliyompendeza tangu mwanzo. Alipenda ukimya wangu. Alikuwa amepata ufunguo wa nyumba ya watu, na ufunguo wenyewe hauna mdomo.

Nyumbani lawama zilikuwa zimeshapata pa kuangukia. Yule mpaka hina aliyempamba Raya, mwanamke wa Mkokotoni, alikuja siku ya harusi na mkoba mkubwa, na Bi Khola hakuupekua. Ikasemwa lazima alificha simu ya pili. Maneno yakamfika. Akatuma jibu: nitakuja mwenyewe, nitakula yamini.

Na akaja. Kapanda gari kutoka Mkokotoni, keshatia udhu, kavaa buibui lake safi. Mikono yake ina madoa ya hina ambayo hayatoki tena. Shangazi alikaa kwenye kochi, kajifunga mtandio mpaka kwenye paji. Bi Khola akauleta msahafu, umefunikwa kitambaa cheupe.

"Mwanangu," mpaka hina akamwambia Shangazi, "mie nilimpaka hina binti yako kwa mapenzi. Sina simu ya pili. Hii moja yenyewe kioo kimepasuka. Lakini kama roho yako haitatulia mpaka niape, basi naapa."

Akanyoosha mkono.

"Ni mie," nikasema.

Hawakunisikia. Sauti yangu ndivyo ilivyo. Nikasema tena, "Asiape. Ni mie. Nilibandua plasta."

Nikaeleza yote, nimesimama, mbele ya watu, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Bi Khola akashika mdomo. "Subhanallah! Wewe? Mie nikakupisha na simu yako!"

Nilidhani Shangazi atanipiga. Nilitamani anipige. Alimgeukia mpaka hina kwanza, akamuomba radhi, akamshika ile mikono yenye madoa. Mwanamke yule akamsamehe, kisha akanitazama mimi kwa huruma, na huruma ile ilinivunja kuliko matusi.

Halafu Shangazi akaniuliza jambo moja. "Nilipovua mtandio, ulikuwa unajua kuwa iko wazi?"

Ningeweza kusema hapana. Wote wangeniamini.

"Naam," nikasema.

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyepokea habari ya msiba.

Nasri bado anauza dukani kwake. Aliulizwa, akakana, mjomba wake akamtetea, na laptopu ikarudishwa. Video haiwezi kurudishwa. Raya huja nyumbani, hunisalimia, anapita.

Jioni ya siku ile niliyokiri, baada ya Magharibi, nilichukua chupa ya mafuta ya habasoda nikaingia chumbani kama kawaida. Shangazi alikuwa amekaa kitandani, mtandio kichwani. Akaniambia kwa upole, "Weka hapo mezani, mwanangu. Nitajipaka mwenyewe."

Bado ananiita mwanangu. Bado ananipakulia chakula. Ila siku hizi hulala na mtandio wake, nyumbani kwake, mlango umefungwa, na sisi tumo wawili tu! Mimi sasa ni katika wale anaojisitiri wasimuone. Kila jioni naweka chupa mezani, natoka, nausikia mlango ukifungwa nyuma yangu.

Wasichana wenzangu, hasa nyinyi wenye haya kama mimi, mnaosifiwa kwa kunyamaza: mkipewa plasta kulinda, ilindeni. Na kama mmeshaibandua, pigeni kelele wakati ule ule, hata ukumbi mzima ugeuke. Aibu ya kutazamwa hupita. Hii yangu haipiti.

Na mtu akikwambia anakuona, umependeza, kabla hujatabasamu, tazama kwanza umesimama wapi.